Fungu la Nyanya Katika Ziwa la Kibokoni

Shee, nawe Famau, na nyote mlionizunguka pale barazani siku niliyorudi na kikapu kichwani: mliniuliza yaliyonipata, nami nikajibu "Salama tu," nikaingia ndani. Si kiburi. Mnanijua. Watu wakinitazama zaidi ya wawili, ulimi wangu hulala. Lakini kalamu haioni haya, kwa hiyo nimeandika. Pokezaneni, na mkitaka kucheka chekeni nisipokuwapo.

Sababu ya safari mnaijua nusu. Nyanya yangu hakuzaliwa hapa Kau. Kwao ni juu huko, ng'ambo ya Garsen, kijiji kilicho kando ya Ziwa la Kibokoni. Ziwa hilo halivuliwi ovyo. Hufungwa, na maji yakipungua hufunguliwa, nyumba zote zenye haki zikavua pamoja, kisha samaki wakagawanywa mafungu, kila nyumba fungu lake. Nyumba ya kina Nyanya ina fungu. Miaka yote kaka yake ndiye aliyelisimamia, na kila msimu kilitushukia kikapu cha samaki waliokaushwa kwa moshi. Nyanya alikuwa akikifungua peke yake kwanza, mlango umerudishwa, kabla hajaita mtu.

Kaka yake amefariki, na msimu uliopita hakwenda mtu. Desturi ya kule ni kwamba nyumba isipoonekana ziwani misimu miwili mfululizo, fungu lake limekufa, wala halifufuki. Baba alikuwa na mpunga unaoliwa na ndege, na mimi nilikuwa nimetoka shule kwa likizo.

"Athmani atakwenda," akasema Nyanya.

"Athmani?" Mama akashangaa. "Huyu asiyeweza kumwomba mwenye duka chumvi?"

"Kuvua si kuhutubu."

Hapo Nyanya alikosea, lakini hakuna aliyejua.

Mtoni, na Buya

Nilipanda mtumbwi wa Buya, Mpokomo wa Ngao aliyekuwa ameleta maembe Kau na sasa anarudi mtupu. Buya ni mtu wa maneno. Huuliza, hujijibu, kisha hubishana na jibu.

"Wewe mtoto wa nani? Wa yule Bwana mwenye mpunga. Hapana, yule hana mtoto mrefu hivi. Ah, anaye. Unasoma? Unasoma, naona vidole vyako laini. Sasa kusoma kote huko hawakufundishi kusema?"

Nikatabasamu. Akasema, "Haya, basi," akaendelea.

Sasa nitawaambia jambo ambalo ningelikata kama ningekuwa nasimulia kwa mdomo. Asubuhi ile kabla ya kutoka nilikunywa chai nyingi. Tulipoingia kwenye mfereji unaotoka Mto Ozi kwenda Tana, nilikuwa nimekwisha kuhitaji kushuka. Mtu mwingine angesema, "Buya, nisogezee ukingoni." Mimi nilisubiri aone mwenyewe. Buya hakuona. Alikuwa akinieleza ndoa za dada zake, moja moja.

Kisha tukakuta viboko. Walikuwa wamelala katikati ya mfereji, migongo juu, wametuzibia njia kama wenye shamba lao. Buya akaweka chini pondo, mti wa kusukumia mtumbwi.

"Tungoje. Hawa ukiwaharakisha wanakuharakisha wewe."

Tukangoja. Akatoa ndizi za kuchemsha na kipande cha samaki mkavu, akala, akanipa. Akaanza kuwatukana viboko kwa Kipokomo, kwa utaratibu, bila hasira, kama mtu anayesoma majina ya darasa. Viboko hawakujali. Mimi nilikuwa nimekaza miguu, jasho linanitoka, natazama maji yakipita, na maji yakipita si kitu cha kutazama ukiwa katika hali ile.

Hatimaye Buya akanyamaza. Akanitazama vizuri.

"Wewe," akasema, "umekaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Una haja?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Tangu wapi?"

Nikaonyesha nyuma, kule tulikotoka, mbali.

"Mama yangu!" Akauelekeza mtumbwi kwenye matete kwa nguvu zote, mimi nikaruka kabla haujagusa nchi, nikatumbukia hadi kiunoni. Viboko wakashtuka kwa kishindo changu, wakaondoka wote. Tangu hapo, kila mtumbwi tuliokutana nao, Buya alikuwa akiuambia, "Huyu hapa kijana anayefukuza viboko!" Hakueleza namna. Namshukuru mpaka leo.

Tarasaa, mahali pa kungoja

Kesho yake asubuhi, kutoka Ngao nilitembea hadi Tarasaa kungojea lori la kwenda Garsen. Pana maduka machache na hoteli moja ya chai, mabenchi mawili. Niliketi kwenye benchi la ndani nikiwa na njaa kali, nikangoja kuulizwa nataka nini. Mwenye hoteli, mtu mnene mwenye taulo begani, alipita mara nyingi bila kuuliza. Baadaye nikasikia akinong'ona na mkewe nyuma ya pazia.

"Yule kijana ni nani? Ameketi tangu asubuhi, haagizi, anatazama tu."

"Ametumwa na afya," mke akasema. "Wamekuja kutazama kama tunafunika chakula."

Pale pale vyombo vikaanza kuoshwa upya. Meza ikafutwa, inzi wakapigwa. Nikaletewa chai ya maziwa na mahamri matatu kwenye sahani isiyo na ufa, na mwenye hoteli akasimama kando amekunja mikono mbele kama mwanafunzi.

"Bwana mdogo, unaona kila kitu kiko safi?"

"Safi," nikasema, maana kilikuwa safi.

"Utawaambia?"

Sikujua niwaambie kina nani, lakini kukubali ni rahisi kuliko kuuliza, nikasema nitawaambia. Basi nawaambia ninyi: hoteli ile ni safi.

Lori lilipofika lilikuwa la Bwana Saidi, mchuuzi wa samaki kutoka Malindi, na kwa bahati alikuwa anakwenda Kibokoni kule kule. Alikuwa amechukua wavu mpya wa nailoni, wa kwanza kuletwa sehemu zile, mweupe, mwepesi, umejaa nusu ya lori kama povu. Akaniambia nikae juu yake nisije nikaruka barabarani. Nikakaa. Barabara ikaturusha, wavu ukanikumbatia, na tulipofika Garsen vifungo vyangu vyote vilikuwa vimenasa, na vidole viwili vya mguu, na sikio.

Bwana Saidi alinitegua huku akicheka hadi machozi. "Wavu wangu! Haujaona maji, tayari umevua!"

Kivuko cha Garsen

Lori lilibaki ng'ambo hii, wavu ukahamishiwa kwenye mkokoteni. Sisi tulitakiwa kuvuka kwa kile chelezo kinachovutwa kwa kamba, lakini mbele yetu palikuwa na ng'ombe wa Waorma, nao ng'ombe hawana foleni. Waliingizwa wachache wachache, na kila wakiingizwa watatu, wawili walikuwa wakirudi.

Mchungaji mmoja, Galgalo, mzee mwembamba mwenye fimbo ndefu, alikuja kusimama karibu nami kivulini mwa mkokoteni. Nadhani alinipenda kwa sababu sikusema kitu. Akanipa kibuyu.

"Kunywa. Maziwa hii iko nzuri."

Maziwa yale yametiwa moshi ndani ya kibuyu, na ni matamu kweli, ila ni mazito, na kibuyu ni kikubwa. Nikanywa, nikarudisha. Akatikisa, akasikia kumebaki. "Maliza." Nikamaliza. Akaita kijana wake, kikaja kibuyu kingine. Kwetu, mgeni akimaliza ameshiba. Kwake, nadhani, mgeni akimaliza bado ana njaa. Mtu mwenye ulimi angelieleza jambo hilo kwa neno moja. Mimi nilikunywa.

"Kijana hii iko na adabu," Galgalo akawaambia wenzake. "Kelele hakuna, tumbo iko. Unakwenda wapi?"

"Kwa ndugu za nyanya yangu."

"Vizuri. Mtu kusahau nyanya si mtu." Akachukua furushi langu mwenyewe, akalitia begani, akanitangulia hadi kwenye chelezo kama vile mimi ni mkwewe.

Tulipofika katikati ya mto, Bwana Saidi, ambaye hapendi kimya, akauliza kwa sauti, "Sasa Athmani, huko ziwani utavua au utagawiwa tu?"

Galgalo akageuka. "Ziwa? Samaki?"

Sikuweza kusema uongo, na ukweli nao haukutoka. Nikatazama miguu yangu. Hiyo ilitosha.

Ninyi mmezaliwa kwenye samaki, hamtaelewa. Kwa mzee kama yule, anayekula samaki ni kama anayekula mjusi. Alilishusha furushi langu kutoka begani kwa vidole viwili, akaliweka chini mbali na ng'ombe, akainama akachovya vidole vile mtoni. Kisha akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Maziwa yote ile," akasema, "imekwenda kukaa na samaki."

Na hapo kamba ikakwama. Tulikaa katikati ya mto muda mrefu sana, mimi na yeye na ng'ombe, hakuna pa kwenda.

Kibokoni

Aliyenipokea ni Mama Hadhara, mwanamke mfupi mwenye bangili za shaba mkono mzima, ndugu wa mbali wa Nyanya. Yeye ndiye anayesimamia ugawaji kwa sababu hakuna anayethubutu kumbishia. Watu walikuwa wamehamia ukingoni, kwenye vibanda vya nyasi vilivyobanana hata ukikohoa unaitikiwa kibanda cha tatu.

Kabla sijakaa, akatokea mzee mrefu mwenye kofia ya kizungu ya jua, ile nyeupe ngumu, imepasuka upande mmoja. Ndiye Mzee Komora.

"Huyu nani?"

"Mjukuu wa Mwanaidi aliyeolewa Kau," akasema Mama Hadhara. "Amekuja kusimamia fungu lao."

"Nyumba ile imekufa. Wamekwenda kwenye maji ya chumvi, waendelee kula chumvi."

"Msimu mmoja tu hawakuja. Huu akivua, na akaonekana kwenye mgao, fungu liko hai. Au desturi umeibadilisha wewe?"

Mzee Komora akanitazama toka juu mpaka chini. "Anasema?"

"Anasema akitaka."

"Tutaona," akasema, akaenda zake. Nikajua kwamba safari yote ilikuwa jambo dogo, na kazi yenyewe inaanza sasa.

Sina budi kuwaeleza tabia yangu moja. Kwa kuwa naona haya kumwuliza mtu jina lake, humpa jina langu mwenyewe moyoni. Pale Kibokoni niliwapa wote. Palikuwa na Mama Ndizi, aliyenilisha ndizi siku ya kwanza. Palikuwa na Kicheko cha Fisi. Palikuwa na Ndugu Wawili, waliogombana hata wanapokubaliana. Mzee Komora alikuwa Kofia. Na palikuwa na mmoja nisiyemwona kamwe, nikamsikia tu: kila adhuhuri, watu wakijinyosha, nyuma ya ukuta wetu wa nyasi mtu alikoroma kwa namna ambayo sijapata kuisikia, hata bwenini. Ilianza chini kama mtumbwi unaokokotwa mchangani, ikapanda, ikasimama, ukadhani amekufa, kisha ikaanguka yote kwa mara moja. Huyo nilimwita Mkoromaji.

Siku ya kuvua, Bwana Saidi aliomba wavu wake uingie kwanza. Wakamkubalia mtupo mmoja. Tukaingia majini sote, nami nikahakikisha nimelowa mpaka kifuani mbele ya Mzee Komora. Tulipovuta, ulikuja mzito ajabu. Perege wakubwa walikuwamo, wanono. Lakini na wengine pia: vitoto vya perege visivyozidi kidole, kambare wembamba, mikunga, wale samaki kama nyoka, kobe wa maji wanne, na mamba mdogo mmoja mwenye hasira kuliko mwili wake.

"Teueni wakubwa!" Bwana Saidi akapiga kelele. "Hao wengine tupeni majanini, tutupe tena upesi!"

Hakuna aliyesogea. Mama Hadhara akaja akasimama mbele ya wavu.

"Bwana Saidi, hao ni wageni wa wavu. Hawakuitwa. Kwetu mgeni hatupwi."

"Mgeni gani, mama? Mkunga?"

"Walio hai hurudi majini kabla samaki yeyote hajatiwa kwenye fungu. Waliokufa hupikwa hapa hapa, anakula kila aliyeko ukingoni. Hakuna anayekwenda nao nyumbani."

"Sasa kama watu wanawala, si bora wawatie kwenye mafungu?"

Aliyejibu ni Mzee Komora, na hapo nilimheshimu. "Mwachie mtu faida ya mgeni, kesho atamwalika. Atakuja na wavu wa macho madogo kwa makusudi, aseme, lo, vitoto vimeingia vyenyewe."

Bwana Saidi akatazama wavu wake wa macho madogo.

Mama Hadhara akatia mkono kwenye jicho la wavu kuupima. Vidole vikapita, kiganja kikakataa, na alipouvuta, bangili zikanasa. Ilibidi watu watatu wamtegue. Akasimama, amekasirika, akatamka: "Jicho lisilopitisha mkono wangu halivui hapa. Wavu huu utolewe. Mwenyewe atapata fungu moja la mtupo huu, na tuendelee kwa uzio na vikapu."

Kazi ya kurudisha wageni nilipewa mimi, na Maro, mtu mmoja mpole ambaye nitamtaja tena. Vitoto tuliwabeba kwa kikapu cha maji. Mamba alishikwa mdomo na Maro, taratibu, kama anamwomba radhi. Mimi nilipewa kobe. Watatu walikwenda kwa heshima. Wa nne aliuma kaptula yangu kwa nyuma akakataa kuachia, nikakimbia naye ziwani akining'inia. Nilipiga kelele, lakini kwa ndani.

"Ameingia majini!" Mama Hadhara akamwambia Mzee Komora. "Na kobe ni shahidi!"

Mgongo

Samaki wote walikusanywa. Wakatandikwa kwenye majani ya mgomba, mafungu yaliyolingana, sawa na idadi ya nyumba na moja la wavu. Sasa, hakuna anayejichagulia. Hutafutwa mtu wa kuketi ameyapa mafungu kisogo. Mgawaji hugusa fungu kwa fimbo na kuuliza, "La nani?" na yule aliyegeuka hutaja nyumba. Haoni, kwa hiyo hawezi kupendelea. Wanamwita Mgongo. Fungu la mwisho, lisilotajwa, ndilo lake. Msimu uliopita Mgongo alikuwa fundi wa baiskeli aliyepotea njia.

"Na safari hii?" Mama Hadhara akauliza.

"Kijana wa Kau," akasema Mzee Komora, mpole kama siagi. "Ni mgeni. Hana wa kumpendelea."

Wote wakaona ni haki. Mama Hadhara alikunja uso, akaninong'oneza: "Angalia sana. Ukisahau nyumba moja, fungu lako wewe ndilo litakalokwenda kwao. Mgongo ukikosea, mgongo hulipa. Majina niliyokufundisha asubuhi unayakumbuka?"

Nilikuwa nayakumbuka. Nikaketi, nikageuka, nikawa natazama nyasi. Nyuma yangu watu wote wakanyamaza, na kimya cha watu wote wanaokusikiliza ni kitu kizito. Majina yote yakanitoka, pyuu, kama vitoto kwenye kikapu.

Fimbo ikagonga. "La nani?"

Nikang'oa jani moja la nyasi.

"Kijana! La nani?"

Nikaona fungu la Nyanya linakufa hapo mbele ya nyasi. Nikafumba macho, nikasema lililokuwepo kichwani.

"La... la yule mama wa ndizi."

Mtu akacheka. "Hapa!" akaitikia Mama Ndizi, kwa furaha.

"La nani?"

"La yule anayecheka kama fisi."

"Hapa!" na kicheko chenyewe kikafuata, kikathibitisha.

Wakaanza kufurahi. Nikapata joto, jambo ambalo halijapata kunitokea. Nilitaja Ndugu Wawili, wakaitikia wote wawili na kugombana nani ameitikia kwanza. Nilitaja wavu uliokamata vifungo vyangu, Bwana Saidi akaitikia.

"La nani?"

"La mzee mwenye kofia, asiyenipenda."

"Hapa," sauti baridi.

Nikaendelea na wengine, kisha:

"La nani?"

"La yule anayekoroma mchana nyuma ya ukuta wetu, mpaka tunadhani amekufa."

Jamani. Palilipuka. Watu walianguka chini, nikasikia migongo yao ikigonga ardhi. Katikati ya vicheko mwanamke mmoja akapiga kelele, "Hapa! Hapa! Wallahi, hapa!" na fungu likaburutwa. Nikadhani huyo ndiye mkoromaji mwenyewe, nikamwonea huruma.

Likabaki moja. "La Mgongo!" akasema Mama Hadhara. Nikageuka, na moyo wangu umekuwa mwepesi. Fungu la Nyanya lilikuwa pale, hai.

Kisha nikamwona Maro. Amesimama nyuma ya watu wote, kikapu chake kitupu kwapani, anatazama miguu yake. Hakulalamika. Maro hakuwa na kicheko, wala wimbo, wala kofia. Hakunifanyia lolote ila wema wa kimya, na kwa hiyo sikuwa nimempa jina. Mimi, kati ya watu wote, nimemsahau mtu mwenye haya!

"Si neno," Maro akasema, kwa sauti ya kunong'ona. "Nitangoja msimu ujao."

"Hungoji," akasema Mama Hadhara. "Mgongo ukikosea, mgongo hulipa." Akanitazama kwa uchungu, akaielekeza ile fimbo, na fungu langu likaingia kwenye kikapu cha Maro. Haki ni haki.

"Basi tumekwisha," akasema Mzee Komora. Na hapo ndipo nilipoona, mbele yake, mafungu mawili. Moja miguuni pake, na moja kwenye kikapu cha mkewe, yule aliyepiga kelele "Hapa!"

"Mzee," nikasema. Nawaapia sikuwa na ujanja wowote, nilikuwa nataka kuelewa tu. "Kumbe anayekoroma ni wewe?"

"Nani? Mimi?" Kofia ikatikisika. "Sijakoroma tangu nizaliwe!"

"Anakoroma mpaka viboko wanahama!" mkewe akasema.

"Nyamaza, mwanamke!"

Mama Hadhara akasogea polepole. "Komora. Unakoroma, au hukoromi?"

"Sikoromi!"

"Basi fungu la mkoromaji liko kwako kwa sababu gani?"

Mzee Komora akafungua mdomo. Akawatazama perege wale, wanono, wameng'aa. Akawatazama watu.

"Labda," akasema, "mtu akiwa na mafua..."

"Jana ulikuwa na mafua?"

Kicheko cha Fisi akaanza kucheka. Hiyo ndiyo iliyoamua. Mzee Komora akanyosha kofia yake, akachukua kikapu kwa mkewe, akakirudisha kwenye jani la mgomba.

"Mimi sikoromi," akasema. "Lichukueni."

Mama Hadhara akaligusa kwa fimbo. "Fungu limetajwa kwa mkoromaji, na Mgongo haurudi nyuma. Litachukuliwa na atakayeitikia jina hilo, na nyumba yake itaitwa hivyo hapa siku zote. Haya. La nani?"

Walikuwapo wakoromaji wengine, nina hakika. Lakini baada ya vicheko vile, hakuna aliyetaka. Mama Hadhara alikuwa akinitazama mimi tu. Wote wakaanza kunitazama. Nilisimama.

"Mimi," nikasema.

"Ng'ambo hawasikii," akasema Mama Hadhara.

Nikavuta pumzi, na ikatoka sauti ambayo sikujua ninayo, nusu ya mwanamume na nusu ya jogoo mchanga: "Mimi nakoroma! Nyumba ya Nyanya yangu Mwanaidi yote inakoroma! Hapa!"

Upande wa pili wa ziwa, mtu asiyejua lolote akapiga kelele, "Hongera!"

Kushuka

Samaki waliwekwa juu ya moshi mpaka wakawa na rangi ya kahawa, nikawatia kikapuni, nikaanza kurudi. Kivukoni nilimkuta Galgalo tena. Alinipa kibuyu kwa kunyosha mkono mrefu iwezekanavyo, huku uso ameugeuzia upande wa nyika ya Bangale, mbali na samaki wangu. Nilikunywa, nikaacha kidogo chini. Nimejifunza.

Buya alinishusha kutoka Ngao. Nilimweleza yote, njia nzima, na mwisho akasema, "Sasa nyamaza kidogo, unanichosha."

Lakini kadiri nilivyokaribia Kau furaha ilipungua. Nilitumwa kulinda jina la nyumba, na nimelibadilisha. Nyanya ni mtu wa heshima, mnamjua, anavyovaa buibui lake hata kwenda kisimani. Nilipopita barazani mkaniita, hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka. Niliweka kikapu mbele yake. Hakukifungua.

"Fungu liko hai?"

"Liko hai, Nyanya."

"Limechukuliwa kwa jina la nani?"

Nikamweleza. Nilianza na Mgongo nikaishia na ng'ambo. Alinisikiliza bila kunikatiza, akichezea ncha ya ukili wa mkeka.

"Kwa hiyo nyumba ya baba yangu," akasema, "tangu leo ni Nyumba ya Wakoromaji."

"Ndiyo."

"Nawe ulinena kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Wote walisikia?"

"Mpaka ng'ambo, Nyanya."

Akakivuta kikapu, akainuka, akarudisha mlango kama kawaida yake, tukabaki nje mimi, Mama na Baba tukitazamana. Alikaa huko muda. Alipofungua, macho yake yalikuwa mekundu, na Mama akasema ni moshi wa samaki.

Mchana ule alipakua yeye mwenyewe. Perege mkubwa kuliko wote, ambaye miaka yote huwekwa mbele ya Baba, alimweka mbele yangu. Baba akakitazama kipande cha mkia kilichomfikia.

"Na mimi, Mama?"

"Wewe," akasema Nyanya, "ulikwenda wapi?"